Mikro ya Kuume

Mwaka bei ya shaba ilipoanguka, Kolwezi nzima ilijifunza kukaa. Viwanda vidogo vya kuyeyusha madini vilifungwa kimoja baada ya kingine, wenye navyo wakapanda ndege bila kuaga, na mafundi, madereva na makarani wakabaki vizingitini wakitazama kuku wa majirani. Hata vumbi la mtaa wa Musonoi, ambalo kwa kawaida halina adabu wala saa ya kupumzika, lilitulia kwa sababu hapakuwa na lori la kulitimua.

Tata Mukalay hakukaa. Kila asubuhi wiki ile alionekana akishuka barabara ya Musonoi amekumbatia redio-kaseti kubwa iliyofungwa katika kitenge, kama mtu anayepeleka mgonjwa zahanati. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Ernestine, na mfuko wa kaseti ishirini na tatu kichwani. Waendesha pikipiki walimtania mzee: "Tata, panda, tukufikishe na mugonjwa wako!" Naye akawajibu kwamba mgonjwa huyu ameishi miaka ishirini na mitano bila kuanguka hata siku moja, na hataanza leo kwa ajili yao.

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Zamani alikuwa pia karani wa ghala la kampuni, lakini ukarani ule ulikufa pamoja na kampuni yenyewe, na hakuna aliyeukumbuka, hata yeye. Uimbishaji ndio uliobaki. Kaseti zile zilikuwa kwaya yake, Jumapili moja baada ya nyingine, tangu padri fulani aliporudi kwao akamwachia redio-kaseti yenye mikro mbili za kunasia sauti, moja ya kushoto na moja ya kuume. Mukalay alizihifadhi ndani ya debe la maziwa ya unga, mbali na joto na mbali na wajukuu.

Sasa alitaka ziingie zote katika kadi ndogo ya simu, ndogo kuliko ukucha. Na zilipaswa kuingia kabla ya Jumamosi.

Sababu yake ilikuwa mwanamke aliyepiga hodi kwao siku chache kabla, mwenye gunia la maharage na macho ambayo Mama Ernestine aliyatambua kabla hajasikia jina.

"Miye Tshibola," alisema. "Mutoto ya Kankolongo."

Mama Ernestine aliangusha mwiko ndani ya sufuria ya bukari, ugali wa huku. Mtoto huyu aliondoka Kolwezi akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa amesimama mlangoni, mama mzima, mfanyabiashara kutoka Mwene-Ditu. Alikumbatiwa, akalishwa, akaulizwa habari za watu wote, wazima na waliozikwa. Tata Mukalay peke yake hakuuliza kitu. Alikuwa akimega bukari na kuliacha tonge sahanini mwake, akimega tena na kuliacha tena.

Mwisho Tshibola akanawa mikono, akamgeukia. "Tata Mukalay, baba yangu alinituma neno moja tu kwako. Alisema, 'Kama utamuona, umuulize nani alipyana mahali pangu.'"

Mtu wa mbali anaweza kusikia swali hili akaliona dogo. Lakini huku, kupyana ni jambo la msiba. Mtu akifa, ukoo hukaa, humchagua mmoja akalie mahali pake, avae jina lake, aitwe kwa heshima zake. Marehemu ndiye anayepyanwa. Aliye hai hapyanwi. Kwa hiyo Kankolongo alikuwa akiuliza kwa adabu yote ya utu uzima: mlinizika lini?

Kankolongo alikuwa besi wa kwanza. Kulikuwa na besi sita katika kwaya ile, na kwa bahati tu ya koo zao, wote sita walikuwa watu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kuchimba migodi hii kabla Mukalay hajazaliwa. Kankolongo alikuwa na sauti ya kutikisa madirisha na kasoro moja ambayo Mukalay hakuiweza kamwe: alichelewa. Siku zote aliingia nyuma ya pigo, nusu pigo hivi, kama mtu anayeinama kupita mlango mfupi. Mukalay alimkaripia miaka kumi. Kankolongo alicheka miaka kumi, kisha wakaenda kunywa pamoja kila Jumapili.

Halafu ukaja mwaka tisini na tatu. Watu wa Kasai waliambiwa kwamba Katanga si kwao. Vijana wenye fimbo walipita nyumba hadi nyumba, na familia zilizozaliwa hapa zikajikuta kituo cha treni, zimelala wiki na wiki juu ya godoro na masufuria yao, zikingoja behewa la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Kankolongo alilala pale siku ishirini na sita. Mama Ernestine alikwenda mara nne, ameficha bukari chini ya kitenge, ingawa aliyeonekana akiwapelekea chakula alipigwa. Mukalay hakwenda hata mara moja. Aliogopa. Hakuna neno lingine la kuliweka hapo, na mwenyewe hakulitafuta. Siku treni ilipoondoka alikuwa nyumbani amekaa kitandani na viatu vyake miguuni, tayari kwenda, na hakwenda.

Tangu siku ile kilikuwa kimya. Miaka kumi na sita bila barua wala salamu, mpaka swali hili.

"Nitamutumia jibu," Mukalay alimwambia Tshibola. "Unaondoka lini?"

"Siku ya posho, Jumamosi."

"Basi upite mbele ya kuondoka. Nitakuwa nalo."

Ndiyo maana alikuwa kwa Mwadi.

Mwadi alikuwa na chumba cha rangi ya buluu kando ya kinyozi, na kazi yake ilikuwa kujaza nyimbo katika kadi za simu za watu. Alikuwa mama wa miaka arobaini, mwenye mwili na maneno ya kutosha. Kabla ya anguko alikuwa katibu katika kiwanda kimojawapo, na bosi wake alipotoroka alimwachia vitu viwili, kompyuta na paka. Paka alilala juu ya kompyuta kwa sababu ya joto, na Mwadi aliwaambia wateja kwamba huyo ndiye mkurugenzi.

Siku ya kwanza aliichomeka waya redio-kaseti ya Mukalay, kaseti ikaanza kuzunguka, na katika kioo ikajitokeza mistari miwili inayotetemeka, mmoja juu, mmoja chini.

"Ule wa juu ni kushoto, ule wa chini ni kuume," Mwadi alieleza. "Sasa, Tata, uniambie. Unataka mingi ao unataka muzuri?"

"Nataka yote na nataka muzuri."

"Wanaume bote banasema vile." Akamwonyesha namba zilizopangana katika kidirisha: sitini na nne, mia moja ishirini na nane, mpaka mia tatu na ishirini. "Sikia. Ni sawa samaki. Ukiikausha sana, gunia nzima inaingia mu mufuko. Hii sitini na nne ni samaki mukavu kabisa. Mia tatu na ishirini ni samaki mubichi, na maji yake, na magamba, lakini utabeba ngapi? Kadi yako ni ndogo. Kaseti ishirini na tatu, mbichi yote, haiingie."

"Na hii inasema mono?"

"Mono ni kuchanganya kushoto na kuume, inakuwa kintu kimoja. Inachukua nafasi nusu. Batu yote ya hapa banachukua mono, sitini na nne. Kwa telefone inatosha. Nani atasikia tofauti?"

Mukalay alitazama samaki wake wote wa miaka ile, akauma mdomo, akasema basi, zikaushwe. Mtu akipewa kuchagua kati ya kuacha nyimbo na kuacha maji yake, ataacha maji. Kila asubuhi walingoja umeme, ule unaozaliwa katika bwawa la Nzilo na kupita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na ukikubali kushuka kidogo Musonoi, kaseti zilizunguka. Mama Ernestine alileta karanga. Wakati mwingine aliimba alto yake ya zamani pamoja na kaseti, taratibu, na Mwadi aliacha kusema, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

Siku ya Alhamisi zilibaki kaseti nne, zile za mwisho. Lakini asubuhi ile alikufa mzee wa mtaa wa pili, na msiba hauwezi kuimbwa bila mwalimu wa kwaya. Mukalay na mkewe wakaenda kwenye kilio. "Niachieni," Mwadi aliwaambia. "Mi najua kazi yangu."

Na aliijua kweli. Hapo ndipo lilipo tatizo la watu wanaojua kazi yao.

Ijumaa asubuhi aliwapokea kwa uso wa mtu aliyetenda wema. "Tata, kaseti zako za mwisho zilikuwa na ugonjwa. Mikro moja ilikufa. Mustari ya kushoto iko muzima, ya kuume imelala tu, sawa mulevi. Na kuko na mashimo. Banaimba, banaacha, hakuna kintu, halafu banaanza tena. Nikasema, mi namutengenezea Tata. Nikachanganya yote mono, nikakata mashimo. Sasa inaenda vizuri bila kusimama."

Akamvisha spika za masikioni. Mukalay alisikiliza. Wanawake waliimba katikati ya kichwa chake: *Walinzi wa mlango, mko macho?* Na mara hiyo hiyo, bila pumzi, wakaruka kwenye mstari uliofuata.

Alizivua polepole.

"Mashimo yangu iko wapi?" aliuliza.

"Mashimo gani, Tata?"

"Mashimo yangu, Mwadi."

Alisema kwa sauti ndogo, na Mwadi, ambaye angeweza kugombana na soko zima, alizipokea spika kwa mikono miwili. Mama Ernestine alimsogezea mumewe kiti. Mukalay akakaa, akamweleza, na hakumtazama mtu alipokuwa akieleza.

"Ile mikro haikukufa. Besi bote sita balikuwa batu ya Kasai. Balipoenda, Omer wa tenor aliniambia, 'Tata, mi nitahama, nitaimba besi.' Nikamwambia, ukikaa pale, unamupyana mutu eko muzima. Nikaacha benchi yabo vile vile, mutu asiikalie. Nikaacha na mikro yabo mbele ya benchi. Wimbo ikifika mahali yabo ya kujibu, nageuka, nainua mukono, nabaita. Halafu tunangoja. Mapigo nne, tunangoja. Halafu tunaendelea."

"Mara ya kwanza tulicheka," Mama Ernestine alisema. "Mara ya pili tulilia. Kisha tukazoea."

"Padri mupya alisema niko na kichwa mubaya," Mukalay aliongeza. "Labda ni kweli. Mwaka mumoja na nusu tuliimba vile, mpaka kwaya yote ikatawanyika juu ya njaa. Mwadi, hii mashimo njo barua yangu. Kankolongo ananiuliza nani alipyana mahali pake. Mi sina jibu ingine."

Mwadi alikuwa na miaka ishirini na minne mwaka ule wa kituo cha treni. Aliangalia mikono yake. Kisha akamwinua paka juu ya kompyuta, akamweka chini, ishara kwamba kazi sasa ni kazi.

"Naanza tena," alisema. "Zote nne. Nafanya stéréo, kushoto mbali na kuume mbali, sikate kintu."

Umeme ulikuja saa nne. Walizungusha kaseti zile nne kutoka mwanzo, na safari hii hakuna aliyekula karanga. Mstari wa juu ulicheza, mstari wa chini ulilala karibu sawasawa, na Mukalay aliutazama mstari uliolala jinsi mtu anavyotazama mtoto wake usingizini.

Walipokuwa katika kaseti ya mwisho, Tshibola akaingia, na gunia lake tupu limekunjwa kwapani. Mwadi alimpa kiti, akamweleza kwa fahari habari ya mikro, ya benchi, ya mapigo manne. "Kwa hiyo baba yako akiweka écouteurs mu masikio, kwa kushoto atasikia kwaya, na kwa kuume atasikia mahali yake. Tupu. Inamungoja."

Tshibola alishika spika moja, akaizungusha vidoleni.

"Tatizo ni kwamba baba yangu anasikia na sikio moja," alisema. "Ile ya kushoto ilikufa, ni ugonjwa, sasa miaka mbili. Eko anasikia na ya kuume tu."

Mukalay aliutazama tena mstari uliolala. Rafiki yake angeiweka kadi ile katika simu, angebonyeza, na katika sikio lake moja zima angesikia kimya. Baada ya miaka kumi na sita ya kimya, Mukalay alikuwa anajiandaa kumtumia kimya kingine, tena kilichofungwa vizuri.

"Si kitu," Mwadi alisema haraka, maana roho yake ilikuwa ya kutengeneza. "Nachanganya mono, atasikia bamama vizuri. Ao nageuza: kwaya iende kuume, utupu uende kushoto. Dakika mbili, Tata. Asikie wimbo. Mutu anatumiwa wimbo, hatumiwe benchi."

Lilikuwa shauri la busara, na Tshibola alitikisa kichwa kulikubali. Mukalay naye alikaribia kulikubali. Kisha akanyosha mkono. "Leta kwanza. Nisikie sawa yeye."

Akachomeka spika ya kuume tu. Ile ya kushoto aliiacha ining'inie kifuani. Mwadi akaurudisha wimbo mwanzo, ule alioutunga Mukalay mwenyewe, wa walinzi wa mlango.

Mwanzoni palikuwa na mvumo wa kaseti tu. Halafu, kidogo kidogo, sikio lilipozoea, vitu vikaanza kujitokeza. Mvua ndogo juu ya mabati ya kanisa. Mtu akikohoa. Na wanawake walikuwapo! Walikuwa mbali, ng'ambo ya madhabahu, wembamba, lakini walikuwapo, kila neno. Mukalay alifumba macho. Miaka yote alikuwa amesimama katikati, mahali pa mwalimu, na hakuwahi kujua kwaya inasikikaje kutoka benchi lile. Hivi ndivyo Kankolongo alivyowasikia kila Jumapili. *Walinzi wa mlango, mko macho?* Kisha kiatu kikakwaruza sakafu, mtu akageuka, na karibu kabisa, kana kwamba midomo iko sikioni, sauti ya Mukalay mwenyewe, changa kuliko yake ya sasa, ikaita: "Besi!"

Na mvua. Pigo moja, mbili, tatu, nne.

Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyapangusa mbele ya wanawake watatu na paka.

"Usichanganye," alisema. "Usigeuze. Umuachie vile."

"Tata, atasikia mvua!"

"Atasikia mahali alikuwa anasimama. Mi naye tunajuana."

Mwadi alichukua spika, akasikiliza na yeye. Alipoivua, alisema la kazi. "Basi haiwezi kuwa sitini na nne. Wale bamama ya mbali ni sauti nyembamba sana. Nikiikausha, njo ya kwanza kupotea. Hii kaseti nne inapashwa kuwa samaki mubichi. Mia tatu na ishirini." Akapiga hesabu ya nafasi katika kioo. "Na kadi haitatosha. Kaseti saba za zamani zibaki."

"Zipi?" Mukalay aliuliza, na hapo hapo akajuta kuuliza, maana mkewe alikuwa na jibu tayari.

"Za sikukuu ya askofu," alisema Mama Ernestine. "Zile sita."

Zilikuwa kaseti ambazo Mukalay mwenyewe aliimba peke yake, mbele ya askofu na wakuu wa kampuni, amevaa koti jeupe. Watu waliendelea kuzizungumzia mwaka mzima, hasa yeye.

"Zile?"

"Zile. Na ile ya saba uliimba na mafua."

Mwadi alijifanya anamtafuta paka. Mukalay aliuma mdomo, akajipiga moyo konde, akatikisa kichwa: zibaki. Saa kumi alasiri kadi ilikuwa imejaa pomoni. Tshibola aliifunga katika kona ya leso, akaifunga leso katika kona ya kitenge, na kesho yake akapanda lori la Lubudi kwenda kungoja treni.

Kungoja simu si kazi, lakini Mukalay aliifanya kama kazi. Tshibola alichukua namba ya Mwadi, kwa kuwa pale mtandao ulishika vizuri, basi mzee akawa anashuka Musonoi kila asubuhi kama mwajiriwa. Siku ya tano alianza kujilaumu. Siku ya saba alimwambia Mwadi kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, mtu anatumiwa wimbo. Alimwambia pia lile la kitandani na viatu, ambalo hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mkewe, na mkewe alikuwepo. "Benchi nililinda," alisema. "Rafiki sikumulinda. Ataona tofauti. Eko na sikio moja, lakini hana ujinga."

"Ataona," Mwadi alikubali, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya wazee. Kisha akamtilia chai.

Siku ya tisa, Jumapili, baada ya misa, simu iliita.

Mwadi aliipokea, akasikiliza, akafungua spika ya simu na kuiweka mezani kati yao. Mama Ernestine aliushika mkono wa mumewe.

"Tata Mukalay?" Ilikuwa sauti ya Tshibola, na alikuwa akinong'ona. "Usiseme kintu. Hajue kama nakuita. Aliweka écouteur yake tangu asubuhi. Ile wimbo moja tu, anairudisha, anairudisha. Mara ya kwanza alitupa telefone kwenye kitanda, akatoka inje. Nikaogopa. Halafu akarudi, akaiweka tena. Sasa naona anataka… Amebonyeza. Sikia."

Walisikia jogoo wa Mwene-Ditu. Walisikia kiti kikilia chini ya mtu mzito. Kisha hapakuwa na kitu, kwa muda mrefu, kwa sababu wimbo ulikuwa ndani ya sikio la mtu mmoja, safari ya siku nyingi kutoka pale. Lakini Mukalay alijua urefu wa wimbo wake. Midomo yake ilianza kutembea. Mama Ernestine naye alijua, na akaanza kuimba alto kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayepembeleza mtoto: *Walinzi wa mlango, mko macho?*

Mukalay alisimama. Aligeukia upande wa kuume, palipokuwa na ukuta wa buluu tu na kalenda ya mwaka jana, akainua mkono, akaushusha.

Pigo likapita tupu. Nusu pigo baadaye, katika simu ile ndogo, peke yake, ya zamani, yenye kukwaruza na isiyopotea hata kidogo, sauti ikaingia:

*Tuko macho. Tunangoja.*

Mwadi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Tshibola alisikika akilia mbali na simu. Mukalay alibaki amesimama, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akicheka.

"Amechelewa," alisema. "Mama Ernestine, umesikia? Angali anachelewa!"

"Imba," mkewe alimwambia. "Kuko beti la pili."

Naye akainua tena mkono, akageukia upande wa kuume, akamngoja.